Ukuta wa mtoni na potopoto ya jirani: ruhusa ya kujenga ukingoni Kisangani

Kila mwaka mvua za Septemba zinapofika Kisangani, swali lilelile hurudi kwenye ofisi za parokia zetu. Mshiriki ana parseli inayoteremka mpaka mtoni. Maji yamekula udongo, mwembe uliokuwa katikati ya uwanja sasa umeinama juu ya maji, na baba mwenye nyumba ameamua kujenga ukuta. Anakuja kwa mchungaji na haja mbili: maombi juu ya msingi, na sahihi ya kanisa kwenye karatasi ya majirani. Kwa maombi hatusiti. Kwa sahihi huwa tunauliza kwanza: pembeni ya huo ukuta kuna nini? Mara nyingi jibu ni potopoto, yaani kinamasi cha matete na maji yaliyotulia, ambacho hakuna anayekiita shamba lakini watu wengi wanakula kutoka humo.

Tunaandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, mashemasi na halmashauri za parokia, za Kisangani na za mashariki yote, ambao wanaombwa ushauri au wenyewe wanasimamia viwanja vya kanisa kando ya maji. Tumekusanya hapa yale yanayohusu mto, ukuta, sheria na sahihi yetu.

Mto na potopoto yake

Kutoka Ubundu hadi kwetu Lualaba inashuka maporomoko saba. La mwisho ni lile la Wagenia, na baada ya hapo mto unaitwa Kongo. Kaskazini mwa mji unapita mto Tshopo, unaoingia Lindi, na Lindi nayo inaingia Kongo upande wa Yakusu, pale ambapo wamisionari wa Kibatisti walijenga kituo chao mwishoni mwa karne ya 19. Komini tano za mji ziko ukingo wa kuume, na Lubunga peke yake iko ukingo wa kushoto. Mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 1,700 au zaidi, na hatuna kiangazi kirefu kama cha Katanga. Kwa hiyo mji wetu umezungukwa na maji pande karibu zote, na kila mahali ardhi inaposhuka chini kuna bonde la maji, kijito au potopoto.

Mto hujaa hasa Novemba na Desemba, na tena kidogo Aprili na Mei. Hupungua karibu Februari na Machi, na mara ya pili karibu Julai na Agosti. Kati ya kujaa na kupungua ndipo potopoto inapofanya kazi yake. Maji yanapopanda, yanaingia kwenye majani na kutulia. Mchanga na tope vinabaki humo. Samaki wanaingia kutaga mayai: ngolo, ambao Waswahili wa pwani huwaita kambare, na mongusu, ambaye anaweza kuishi kwenye maji machafu yasiyo na hewa ya kutosha. Vifaranga wao hukua kati ya mashina ya matete ambako samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Maji yanaposhuka, mama wa mtaa wanapanda mpunga, matembele na lengalenga kwenye udongo mweusi ulioachwa. Wavuvi wa Wagenia na mama hawa walijua haya yote kabla injinia hajafika na kipimo chake.

Kazi nyingine ya potopoto haionekani mpaka siku ya hatari. Mwishoni mwa 2023 na Januari 2024 mto Kongo ulipanda kiasi ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka sitini. Kule Kinshasa kipimo kilifika mita 6.20, karibu na mita 6.26 za mwaka 1961. Tshopo ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoguswa. Siku kama hizo maji yanatafuta mahali pa kulala, na mahali pake ni potopoto. Ikiwa tumeijaza udongo na kuizungushia kuta, yatalala ndani ya nyumba.

Ndugu zetu wa Kivu hawahitaji kuambiwa haya. Uvira mnakumbuka usiku wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipotoka njiani mwake. Kalehe mnakumbuka Mei 4, 2023, pale Bushushu na Nyamukubi zilipofunikwa na watu zaidi ya mia nne wakafa. Mito yenu inashuka kwa kasi kutoka milimani, na wetu unapanda polepole kwa wiki nyingi, kwa hiyo hatari hazifanani. Kinachofanana ni swali la mahali ambapo binadamu aliweka nyumba na mahali ambapo maji yalizoea kupita.

Ukuta unafanya nini kwa maji

Ukuta uliosimama wima ukingoni haumezi nguvu ya maji. Wimbi la baleinière inayopita linapopiga ukingo wa asili wenye majani, linapanda, linachoka na kurudi dhaifu. Likipiga simenti, nguvu ile inageuka na kushuka chini, ikichimba mguu wa ukuta. Baada ya misimu michache ukuta unaning'inia juu ya shimo ambalo mwenye nyumba halioni kwa sababu liko chini ya maji. Ndiyo maana fundi mwaminifu huanza kwa kuuliza msingi utashuka hadi wapi, na urefu wa ukuta juu ya ardhi anauacha baadaye.

Adui wa pili yuko nyuma ya ukuta. Mvua inanyesha uani, maji yanaingia udongoni, na mto nao umejaa upande wa mbele, basi pande zote mbili zinasukumana sawa. Kisha mto unashuka haraka, lakini maji ya nyuma bado yamenaswa. Sasa upande mmoja unasukuma peke yake. Kuta nyingi huanguka wakati huo, siku chache baada ya mafuriko, mwenye nyumba akiwa ameanza kumshukuru Mungu kwamba umesimama. Matundu ya kutolea maji, yenye kokoto na kitambaa cha kuchuja nyuma yake, ni sehemu ya ukuta. Fundi asiyeyaweka amejenga bwawa.

Jambo la tatu ndilo linalotuhusu zaidi kama kanisa. Maji yaliyokataliwa na ukuta yanageuka na kuzunguka mwisho wake. Pale ukuta unapoishia, kwenye mpaka wa jirani au kwenye mdomo wa potopoto, ukingo unaanza kuliwa kwa kasi kuliko zamani. Jirani naye analazimika kujenga, na jirani wa jirani, mpaka mtaa mzima uwe na kuta isipokuwa kwa mjane asiye na fedha za simenti. Kwake ndipo mto utakapoingia. Na potopoto iliyofungiwa mdomo inakauka, au inageuka dimbwi la takataka na mbu, kwa sababu maji mapya hayaingii na tope jipya haliletwi.

Kwa hiyo kabla ya kuta kuna njia nyingine zinazostahili kuulizwa. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zinaruhusu maji kupita na zinainama pamoja na udongo bila kupasuka. Mawe yaliyomwagwa kwa mteremko hupunguza wimbi vizuri kuliko ukuta wima. Mianzi, matete na nyasi ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka mita mbili na zaidi, hushika udongo kwa gharama ndogo, ingawa zinahitaji msimu mmoja au miwili kabla ya kuwa na nguvu na haziwezi kuzuia ukingo ambao tayari umekatika kama ukuta wa nyumba. Mara nyingi jibu bora ni mchanganyiko: mawe chini, majani juu, na nyumba irudi nyuma mita chache. Tunajua hilo la mwisho halipendwi.

Ardhi ni ya nani

Washiriki wengi hutuonyesha karatasi wakisema, huu udongo ni wangu mpaka majini. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema vingine. Udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hapewi udongo, anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, ambacho wote tunakijua kwa jina la certificat d'enregistrement. Karatasi ya shefu wa mtaa, karatasi ya mauzo yenye mashahidi watatu, hata mkataba wa kupangisha wa Serikali, vyote vina kazi yake lakini havifiki uzito wa cheti hicho.

Sheria hiyohiyo inatenga ardhi ya milki ya umma, yaani ile iliyowekwa kwa matumizi ya wote. Ardhi hiyo haiwezi kugawiwa mtu maadamu haijaondolewa kihalali katika milki ya umma. Sheria ya maji ya Desemba 31, 2015 inaendeleza wazo hili kwa mito na maziwa. Maana yake kwa parseli ya mtoni ni hii: alama za kadasta zinaishia mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni mbali na maji kuliko mwenye nyumba anavyofikiri. Akijenga ukuta mbele ya alama hizo na kujaza udongo nyuma yake, amechukua kitu cha umma. Hata mkataba ulioandikwa kinyume cha sheria hiyo unahesabika kuwa batili.

Kwa viwanja vya kanisa kuna jambo la pekee ambalo halmashauri nyingi hazilijui. Haki ya kudumu hupewa raia Mkongomani mwenye mwili wake. Shirika, hata likiwa kanisa, hupewa haki ya muda, ambayo kwa kawaida haizidi miaka 25 na inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo kabla hatujazungumza ukuta, tutazame cheti cha kiwanja cha parokia: kiko kwa jina la jumuiya, au kwa jina la mchungaji aliyestaafu zamani? Muda wake umebaki kiasi gani? Kujenga ukuta wa gharama kubwa kwenye kiwanja ambacho karatasi yake imekufa ni kumjengea mtu mwingine.

Neno la kulindwa

Mtu akisikia eneo linalolindwa anafikiria mbuga yenye ubao wa ICCN na walinzi wenye bunduki. Yako maeneo ya namna hiyo. Kinamasi pekee cha bahari tulicho nacho nchini kiko Muanda, kwenye Hifadhi ya Mikoko iliyoundwa mwaka 1992, ambako mto wetu huuhuu unamwaga maji yote yaliyopita mbele ya Kisangani. Kongo ilijiunga na mkataba wa Ramsar juu ya ardhi oevu mwaka 1996, na mikoko ile iliandikwa humo pamoja na Virunga. Mwaka 2008 iliongezwa Tumba-Ngiri-Maindombe, mojawapo ya ardhi oevu kubwa kuliko zote duniani zilizoandikwa chini ya mkataba huo. Karibu nasi kuna Yangambi, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1976, na msitu wa Masako. Sheria ya kuhifadhi viumbe ya Februari 11, 2014 inasimamia maeneo yaliyotangazwa na inazungumzia pia mikanda ya kando yake. Kwa hiyo anayejenga nje ya mpaka wa hifadhi asidhani yuko huru mara moja.

Potopoto nyingi za ndani ya mji wetu hazina ubao wowote. Lakini kukosa ubao si kukosa sheria. Sheria ya misitu ya 2002 inakataza kufyeka miti kwa mita 50 kila upande wa mto au kijito, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Tuwe waangalifu hapa: kipimo hicho ni cha kufyeka, wala hakisemi moja kwa moja juu ya nyumba. Hata hivyo ni vigumu kujenga ukuta ukingoni bila kwanza kufyeka. Sheria ya mazingira ya Julai 9, 2011 nayo inataka kila mradi unaoweza kudhuru mazingira utanguliwe na uchunguzi wa athari zake, na inaagiza watu wa mahali husika wasikilizwe kabla ya uamuzi. Na Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama na wakati huohuo inamwekea wajibu wa kuyalinda.

Kwa kulinganisha, majirani zetu wameandika vipimo wazi zaidi. Tanzania, katika sheria yake ya mazingira ya 2004, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000, imeweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwa majina na mita 30 kwa mingine. Vipimo hivyo havijazuia watu kujenga Msimbazi kule Dar es Salaam wala kwenye vinamasi vya Kampala, na ubomoaji uliofuata uliwaumiza zaidi maskini. Bado tunaona heri kuwa na namba. Ofisa akikuambia rudi nyuma, unaweza kumuuliza, mpaka wapi?

Milango ya kupitia

Anayetaka kujenga ukuta kihalali Kisangani ana milango kadhaa, na hailingani kwa ugumu.

Wa kwanza ni kadasta. Aombe wapimaji waje waonyeshe alama za parseli mahali penyewe, na aombe maandishi ya kazi hiyo. Huu ndio mlango wenye faida kuliko yote, kwa sababu migogoro mingi huisha au huanza hapa. Wapimaji waje majirani wakiwepo, na ikiwezekana mto ukiwa umejaa, ili kila mtu aone maji yanafika wapi.

Wa pili ni ofisi ya mipango miji, kwa ajili ya ruhusa ya kujenga, ile autorisation de bâtir. Watu wengi huamini ruhusa hii ni ya nyumba tu. Ukuta wa kushika udongo ni jengo, tena ni jengo linaloweza kuua. Mchoro uonyeshe msingi, matundu ya maji na namna ukuta unavyoishia pande zote mbili. Mchoro unaoonyesha ukuta kama mstari mmoja mnene haujachorwa na mtu anayejua kazi.

Wa tatu ni mazingira. Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, liliundwa kwa agizo la Novemba 2014 ili kupima na kuidhinisha chunguzi za athari, na jimbo lina ofisi yake ya mazingira. Je, ukuta wa mita kumi na mbili wa familia moja unahitaji uchunguzi mzima? Ukubwa wa kazi na mahali pake ndivyo vinavyoamua, na kando ya kinamasi mahali ni jambo zito. Tunashauri kuuliza kwa barua, yenye nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo halitakulinda siku jirani atakapokwenda mahakamani.

Pale ukuta unapogusa mto unaopitika kwa meli, Régie des Voies Fluviales nayo ina neno, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayotunza njia za maji.

Kisha komini na mtaa. Hapa tuseme wazi jambo ambalo kila msomaji wetu anajua: katika milango hii yote kuna watu waaminifu wanaofanya kazi kwa mshahara mdogo unaochelewa, na kuna wengine wanaouza mhuri. Mshiriki anayenunua mhuri ili kuokoa muda amenunua karatasi ambayo mnunuzi mwenye fedha nyingi anaweza kuifuta. Kila malipo yaende kwa karatasi ya benki au risiti ya Serikali. Asiyekupa risiti hajakupa ruhusa.

Na hata milango yote ikifunguka, bado iko sheria ya zamani kuliko zote hizi, agizo la Julai 30, 1888 juu ya mikataba na wajibu, ambalo kifungu chake cha 258 bado ni silaha ya kila siku ya mawakili wetu: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake, lazima aitengeneze. Ruhusa ya komini haimwondolei mtu wajibu huo. Ukuta ukimwaga maji kwa jirani, jirani anaweza kudai.

Kuta mbili zisizofanana

Tukiwa wachungaji hatuna kazi ya kupima simenti. Lakini tunaweza kutofautisha ukuta wa kulinda na ukuta wa kupanua. Ukuta wa kulinda unasimama mahali ukingo ulipo, au nyuma kidogo, ili nyumba, shule au zahanati iliyokuwepo isianguke. Ukuta wa kupanua unasimama ndani ya maji au ndani ya potopoto, na nafasi ya nyuma yake inajazwa udongo ili parseli ya mita ishirini iwe ya mita thelathini. Kwa macho vinaweza kuonekana sawa. Swali la kuvitenganisha ni moja: udongo wa kujaza utatoka wapi, na ni malori mangapi? Anayelinda anahitaji udongo kidogo.

Tunasema haya tukijua kwamba wengi wanaoishi potopotoni hawakuchagua. Wamo waliokimbia vita, wamo waliofukuzwa na bei za Makiso. Tangu 2023 mgogoro wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umewaleta wengi waliokimbia vijiji vyao, na Lubunga imeonja uchungu huo. Mgogoro ule ulizuka kutokana na ardhi iliyotolewa huku wenyeji wakisema hawakuulizwa. Asiwepo anayetuambia kwamba karatasi za ardhi ni mambo ya mwili yasiyohusu madhabahu. Kwa familia iliyohamia kinamasini kwa kukosa pengine, ukuta si jibu kabisa. Wanahitaji mahali pa juu, na parokia yenye kiwanja kisichotumika inaweza kuanzia hapo.

Maandiko hayakukaa kimya juu ya mambo haya madogo ya ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mjenzi kuweka ukingo juu ya dari ili mtu asianguke na damu yake kuwa juu ya nyumba hiyo. Yaani usalama wa mgeni ni sehemu ya mchoro wa nyumba. Sura ya 19:14 ya kitabu hicho inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na 1 Wafalme 21 inatuonyesha jinsi karatasi zenye mhuri wa mfalme na mashahidi wawili zilivyotosha kumnyang'anya Nabothi shamba lake. Pale Yezreeli utaratibu wote ulifuatwa: barua, mhuri, mkutano, mashahidi. Na wazee wa mji walitia mkono wao.

Kuna mstari mwingine ambao sisi tunaupenda na haupati mahubiri mengi. Katika Ezekieli 47 mto unatoka hekaluni na kuponya kila mahali unapofika, wavuvi wanatandaza nyavu zao, miti inazaa. Kisha aya ya 11 inasema kwamba vinamasi havitaponywa, vitaachwa kwa ajili ya chumvi. Wafafanuzi wengine wanaona hapo hukumu. Sisi tunaona pia nafasi: chumvi ilihitajika mezani na kwenye sadaka, na sura ya 43:24 ya nabii huyohuyo inaitaja chumvi juu ya sadaka. Basi hata katika nchi iliyoponywa kabisa, kinamasi kiliachwa kiwe kinamasi.

Sahihi ya kanisa

Tunarudi kwenye karatasi ya majirani. Ushauri wetu kwa halmashauri ni kutotia sahihi kabla ya kutembelea mahali penyewe. Waende wazee wawili na mama mmoja anayelima hapo, kwa sababu mama ndiye atakayeonyesha maji yalifika wapi mwaka uliopita. Watembee hadi mwisho wa ukuta, pande zote mbili, na wazungumze na wa kushoto na wa kulia bila mwenye ujenzi kuwapo. Waulize wavuvi kama njia ya mtumbwi itafungwa. Wakirudi, waandike walichoona katika daftari la parokia, tarehe na majina ya waliokwenda, hata kama baadaye hawatatia sahihi.

Kanisa likitia sahihi, liseme linashuhudia nini. Tunaweza kushuhudia kwamba majirani walielezwa na wakasikilizwa. Hatuwezi kushuhudia mipaka, hiyo ni kazi ya kadasta, wala uimara wa ukuta. Na ikiwa mwenye ujenzi ni mtoaji mkubwa wa parokia, au mwanahalmashauri, basi jambo lipelekwe kwa ofisi ya juu ya jumuiya. Tunajua ugumu wa kumwambia hapana mtu aliyenunua mabati ya kanisa. Ugumu huohuo ndio sababu uamuzi usibaki mikononi mwa mchungaji peke yake.

Kwa parokia zenyewe zenye viwanja vya mtoni, tunaomba jambo moja la kufanya mwaka huu: kupiga picha ya ukingo mahali palepale mara nne, Machi, Mei, Agosti na Desemba, na kupigilia mti wenye alama za mita ili kujua kasi ya udongo kuliwa. Bila hilo injinia atakisia, na makisio yake yatalipiwa kwa sadaka. Mjini tuna Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho mizizi yake ni chuo kikuu kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na wanafunzi wake wa mazingira hutafuta mahali pa kufanyia utafiti. Barua moja ya halmashauri inaweza kuwaleta.

Kuhusu muda: kazi ya msingi inataka maji yaliyoshuka, yaani Februari na Machi, au Julai na Agosti. Faili lenye cheti, maandishi ya kadasta, mchoro, barua kwa ACE na ripoti ya kutembelea majirani likiingizwa ofisini mwezi wa Oktoba, kuna miezi minne ya kungoja majibu kabla ya maji kushuka. Likiingizwa Januari, wahesabu ujenzi wa Julai.